Marehemu Anayeigwa Kila Mwaka

Hukumu imekwisha kutolewa na rufaa hairuhusiwi: amplifaya ya valvu imekufa. Wanaoitangaza ni wauzaji wa vyombo vya muziki, wahandisi wa studio, mabingwa wa kusifia vifaa kwenye video na, siku hizi, hata wapiga gitaa ambao miaka kumi iliyopita waliapa kwamba hawatachomeka gitaa kwenye kitu kisicho na chupa za kioo zinazowaka ndani. Anayeendelea kubeba sanduku la kilo ishirini lenye chupa hizo anatazamwa kama mpangaji wa ghorofa ya tano anayeng'ang'ania kupikia kuni.

Hoja yao si ya kijinga, na inastahili kuelezwa kwa nguvu zake zote kabla ya kuguswa. Valvu ya kukuza sauti, wanasema, ni mtoto wa mwaka 1906, pale Lee de Forest wa Marekani alipounda audion yake. Transista ikazaliwa Bell Labs mwaka 1947, na baada ya hapo redio ikaiacha valvu, televisheni ikaiacha, kompyuta ikaiacha. Wapiga gitaa wakabaki nayo kwa sababu moja ya msingi: valvu ikisukumwa kupita uwezo wake haikati sauti ghafla, bali huikwaruza taratibu, na mkwaruzo huo ndio uliozaa bluzi ya umeme na roki yote iliyofuata. Lakini mkwaruzo ni hesabu, na hesabu hukokotolewa. Line 6 ya California ilianza kuikokotoa kwenye amplifaya yake ya mwaka 1996, kisha 1998 ikatoa POD, kidude chekundu chenye umbo la figo kilichotoshea kwenye begi la shule. Fractal Audio ikafuata na Axe-Fx mwaka 2006. Christoph Kemper wa Ujerumani akaleta mashine inayonasa tabia ya amplifaya yoyote inayowekwa mbele yake. Helix ya Line 6 ikaja 2015, halafu Quad Cortex kutoka Finland. Mwaka 2019 Fender wenyewe, waasisi wa mambo haya, wakatoa Tone Master: sura ile ile ya Deluxe Reverb na Twin Reverb, kitambaa kile kile, vitufe vile vile, na ndani kompyuta. Deluxe ya valvu ina karibu kilo 19. Ya kompyuta ina kilo 10 na ushei.

Na kama hilo halitoshi, hao hapo Metallica. Bendi iliyojulikana kwa kuta za spika ilihamia kwenye Axe-Fx kwa ziara zake, na Desemba 2013 ilipopiga Antaktika, katika kituo cha Carlini cha Argentina, wasikilizaji walikuwa ndani ya kuba wakiwa wamevaa hedifoni, hakuna hata spika moja iliyonguruma. Hivyo, hoja inamalizia, kifaa cha dijitali ni chepesi, ni nafuu, ni kimya, kina sauti mia badala ya mbili, na hakuna sikio linaloweza kukitofautisha na kile kinachoigwa.

Jambo moja lisemwe mapema ili lisipoteze muda wa mtu: kuhusu sikio, watu wa dijitali wameshinda. Gitaa likisharekodiwa, likachanganywa na ngoma, bezi na sauti za waimbaji, anayedai kutambua kila mara ipi ni valvu na ipi ni kompyuta anajidanganya. Wapenzi wa valvu wamejiharibia kesi wenyewe kwa kuhubiri "joto" na "roho" ya sauti, mambo yasiyopimika, na kwa kulalamikia ucheleweshaji wa milisekunde tatu za kompyuta. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde moja. Milisekunde tatu ni kama kusimama mita moja kutoka kwenye spika. Hakuna aliyewahi kushindwa kupiga solo kwa kuwa alisimama mita moja nyuma.

Wala valvu si sharti la gitaa zuri. B.B. King alipiga miaka mingi na Lab Series L5 ya transista. Dimebag Darrell wa Pantera alitengeneza mojawapo ya sauti kali kabisa za miaka ya 1990 kwa Randall za transista. Roland JC-120, iliyotoka 1975, haina valvu hata moja na bado ndiyo kipimo cha sauti safi.

Ikiwa hayo yote yamekubaliwa, kimebaki nini cha kubishania? Kimebaki kila kitu ambacho hukumu ile haikukitaja.

1. Ushindi unaotangazwa kila baada ya miaka michache

POD ilipotoka 1998 iliuzwa kama jawabu: huna haja tena ya amplifaya kumi, zote zimo humu. Kama jawabu lilipatikana mwaka ule, Axe-Fx ya 2006 ilikuja kutibu ugonjwa gani? Na Axe-Fx II ya 2011? Na Axe-Fx III ya 2018? Line 6 wenyewe walitoa POD HD mwaka 2010, Helix mwaka 2015, na mwaka 2025 wakatangaza Helix Stadium. Kila toleo huja na ungamo lililofichwa ndani ya tangazo: sasa, hatimaye, mashine hii inaitikia vidole kama valvu halisi. Maana yake ni kwamba ile ya jana, iliyouzwa kwa maneno hayo hayo na kwa mtu huyo huyo, haikuitikia.

Shabaha haijasogea tangu miaka ya sitini. Anayesogea ni mpiga risasi, na kila akisogea anatoza nauli.

Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba Deluxe Reverb yake ya mwaka 1965 imepitwa na wakati na Deluxe Reverb. Ukiipeleka sokoni leo, sanduku hilo kuukuu linauzwa ghali kuliko jipya. Ukipeleka POD ya 1998, mnunuzi atakuuliza kama inakuja na chaja. Hapo ndipo neno "nafuu" linapohitaji kalamu na karatasi: mtu aliyefuata ushauri tangu mwanzo amenunua vifaa vinne au vitano katika miaka 25, kila kimoja kikimfanya aone aibu kwa kilichotangulia, na jumla ya bei zake haimo kwenye tangazo lolote.

2. Nakala na mama yake

Mashine ya Kemper hufanya kazi hivi. Amplifaya halisi inawashwa, maikrofoni inawekwa mbele ya spika, mashine inaipelekea mfululizo wa milio ya ajabu, miungurumo na mipasuko ya kelele, inasikiliza kinachorudi, kisha inahifadhi tabia ya amplifaya ile. Programu ya Neural Amp Modeler, aliyoiandika Steven Atkinson na inayotolewa bure, hufundishwa kwa njia inayofanana: inalishwa sauti iliyoingia kwenye amplifaya na sauti iliyotoka, ikajifunza kilichotokea katikati. Amplifaya ikizimwa, somo limekwisha. Helix na Axe-Fx hufuata njia nyingine, ya kuiga sakiti kipande kwa kipande, lakini sakiti yenyewe ilichorwa na mtu fulani kwa ajili ya valvu.

Pitia orodha ya Helix uone. Iko Essex A30, ambayo ni Vox AC30. Iko Mandarin 80, ambayo ni Orange. Iko Brit Plexi, ambayo ni Marshall, na Cali Rectifire, ambayo ni Mesa/Boogie. Majina yamegeuzwa kwa sababu za kisheria, si kwa haya. (Vox walikuwa Dartford, katika Kent; Essex iko ng'ambo ya pili ya Mto Thames. Hata uficho una jiografia yake.) Huyu ndiye anayetangaza kifo cha valvu: mtu ambaye duka lake lote limejaa picha za marehemu, na vitufe vya marehemu vimechorwa kwenye skrini.

Kuna watakaojibu kwamba kunakili si dhambi, kwani Marshall naye alinakili. Ni kweli, na jibu hilo linawaumiza wanaolitoa. Mwaka 1962 Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo Hanwell, magharibi mwa London. Fender kutoka Marekani zilikuwa ghali, hivyo fundi wake Ken Bran na kijana Dudley Craven wakachukua sakiti ya Fender Bassman na kuijenga upya kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Transfoma hazikuwa zile. Spika hazikuwa zile: Bassman ilikuwa na Jensen nne za inchi kumi kwenye sanduku lililo wazi nyuma, wao wakafunga Celestion nne za inchi kumi na mbili kwenye sanduku lililozibwa. Kilichotoka, JTM45, hakikuwa Bassman. Kilikwaruza mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Mwaka 1966 Eric Clapton, akiwa na bendi ya John Mayall, aliingia studio za Decca na Marshall ya ukoo huo, akaipandisha kama yuko jukwaani na kukataa kuishusha. Gitaa la roki likapata sauti yake.

Nakala ile ilizaa kwa sababu ilikosea. Nakala ya dijitali inajisifu kwamba haikosei, na ndiyo maana haizai. Orodha ya sauti zinazotamaniwa ndani ya mashine hizo inaanza Fender za miaka ya hamsini, inapita Uingereza ya miaka ya sitini, inagusa Mesa za miaka ya themanini na tisini, kisha inapungua kasi hadi kusimama. Kila mwaka jumba la makumbusho linaongezewa taa, lakini vitu vilivyomo ni vile vile.

Historia ya sauti hii ni historia ya ajali. Leo Fender, ambaye hakujua kupiga gitaa, alitaka amplifaya zake zitoe sauti safi. Mkwaruzo kwake ulikuwa kasoro. Mwaka 1951, bendi ya Ike Turner ikiwa njiani kwenda Memphis kurekodi "Rocket 88", amplifaya ya mpiga gitaa wake Willie Kizart iliharibika. Mtayarishaji Sam Phillips akaijaza karatasi ndani na kurekodi hivyo hivyo. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika kwa penseli ili apate sauti ya "Rumble". Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichana spika ya amplifaya ndogo kwa wembe, ikazaliwa "You Really Got Me". Wote watatu walikuwa na kitu cha kuharibu. Leo mtu huwasha mashine, akachagua spika iliyochanwa na mwingine miaka sitini iliyopita, akaongeza au kupunguza mchaniko kwa asilimia.

Hakuna anayekana kwamba kompyuta inaweza kutoa sauti ambazo valvu haiziwezi. Ajabu ni kwamba wenye kompyuta hizo hawaziuzi. Wangeweka mbele sauti zisizokuwa na jina, zisizotoka kwa Fender wala kwa Marshall, makala haya yasingekuwa na sababu ya kuandikwa. Wanauza 1959, wanauza 1965, wanauza 1986, mwaka Metallica ilipotoa "Master of Puppets" iliyorekodiwa kwa Mesa/Boogie Mark IIC+ za valvu. Bendi ambayo hoja ya dijitali inaitumia kama shahidi wake mkuu ilijenga jina lake kwa kifaa ambacho shahidi huyo ameletwa kukizika.

Kinachotokea kwa jina la Marshall kinaonyesha mchezo wote bila kificho. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilichukuliwa na Zound Industries ya Sweden, iliyokuwa ikitengeneza hedifoni na spika za Bluetooth zenye jina hilo. Mwanzoni mwa 2025 ikatangazwa kwamba kampuni ya uwekezaji ya HongShan Capital inanunua sehemu kubwa ya hisa, kampuni nzima ikithaminiwa yuro bilioni 1.1. Spika hizo za mezani hazina valvu hata moja. Zina ngozi bandia nyeusi iliyochongwa vinyweleo, maandishi meupe ya mlazo na vitufe vya rangi ya dhahabu juu. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeiweka sebuleni analipia kumbukumbu ya kelele ambayo, anaambiwa, haihitajiki tena.

3. Mizani iliyochezewa

Kila mjadala wa uzito huanza na Twin Reverb: wati 85, kilo 29, mgongo unauma. Mizani hiyo imewekwa jiwe chini ya sahani. Hakuna sheria inayomlazimisha mpiga gitaa kubeba Twin. Fender Champ ina wati tano, valvu moja ya nguvu, na hubebwa kwa mkono mmoja. Eric Clapton na Duane Allman walipiga kwenye vijisanduku vya aina hiyo walipokuwa Miami mwaka 1970 kurekodi "Layla". Neil Young amejenga umaarufu wake wote wa gitaa la umeme juu ya Fender Deluxe moja ndogo ya mwaka 1959.

Kelele nayo haiendi kwa wati kama watu wanavyodhani. Amplifaya ya wati 100 si mara kumi ya ile ya wati 10. Sikio huisikia kama mara mbili tu. Ukumbi wa harusi hauhitaji wati 100, na haukuwahi kuzihitaji. Amplifaya za valvu za wati moja zinatengenezwa na zinauzwa. Anayelinganisha kifaa cha dijitali na mnyama mkubwa kuliko wote katika zizi, huku akijua kuna mbuzi pembeni, hajashinda hoja ya uzito.

4. Sauti ya chumba kingine

Hiki ndicho kitu ambacho mnunuzi huambiwa mwisho, akishalipa. Mashine ya dijitali isiyo na spika yake kwa kawaida haiigi sauti ya amplifaya iliyoko chumbani. Inaiga sauti ya amplifaya iliyopita kwenye spika fulani, ikanaswa na maikrofoni fulani, iliyowekwa sehemu fulani mbele ya spika, katika chumba cha mtu mwingine. Ni rekodi. Kwa studio, hilo ni faida. Kwa mtu aliyesimama jukwaani akitaka gitaa limrudie mwilini na nyuzi zianze kuvuma zenyewe kwa nguvu ya hewa, ni kama kupewa picha ya chakula. Ili hewa isogee anahitaji spika, na spika hiyo haimo kwenye bei wala kwenye kilo za mashine hiyo. Inabidi anunue monita yenye nguvu, tena nzuri, kwa sababu monita mbovu hufanya amplifaya zote mia zilizomo ndani zifanane. Akishaibeba, uzito aliouokoa umerudi kwa mlango wa nyuma.

Au ategemee vyombo vya ukumbi. Metallica inaweza: ina mafundi mitambo wake, vifaa vya akiba na malori. Mpiga solo wa bendi ya dansi kwenye baa ya Kinondoni anampelekea fundi mitambo waya mmoja na kusali. Waimbaji wanne wanataka kusikika kwanza, monita ya mbele inakoroma, na gitaa linaishia kuwa uzi mwembamba chini ya sauti zao. Amplifaya iliyo nyuma ya mgongo wake, iwe ya valvu au ya transista, haimuombi fundi mitambo ruhusa. Miksa ikizima katikati ya wimbo, bado anasikika na wachezaji hawaachi kucheza.

Hizi ni gharama za kawaida kabisa, na wala hazina siri ya kiufundi. Zinaachwa nje ya tangazo kwa sababu zikiingizwa, jedwali la kulinganisha halipendezi.

5. Viwanda vichache na moto mmoja

Sasa hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Valvu za gitaa zinategemea viwanda vinavyohesabika kwa vidole: cha Saratov nchini Urusi, kinachomilikiwa na Mike Matthews wa Electro-Harmonix, cha JJ huko Čadca, Slovakia, na vya China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia bidhaa kadhaa kusafirishwa nje, Saratov ikasimama kupeleka mzigo, na bei zikaruka duniani kote kabla ya shehena kuanza kutoka tena. Nani mwenye akili, wanauliza, ataweka riziki yake juu ya mnyororo wa aina hiyo?

Swali ni zuri, ila lina kumbukumbu fupi. Tarehe 20 Oktoba 2020 moto ulizuka katika kiwanda cha Asahi Kasei Microdevices mjini Nobeoka, Japani, ukawaka siku kadhaa. Kiwanda hicho kilitengeneza chipu zinazogeuza sauti kuwa tarakimu na tarakimu kuwa sauti, zile ambazo kila kifaa cha sauti cha dijitali kinazihitaji mlangoni na kwenye njia ya kutokea. Watengenezaji duniani wakabaki bila chipu, wengine wakalazimika kuchora upya bodi zao ili zikubali chipu za kampuni nyingine. Kilikuwa kiwanda kimoja. Uhaba wa chipu wa 2021 ukafuata, na waliosubiri vifaa vyao miezi na miezi hawakuwa wapenzi wa valvu.

Tofauti ipo, nayo haiwapendezi watangaza-kifo. Valvu ya 12AX7 ilibuniwa na RCA ya Marekani miaka ya arobaini, na umbo lake halijabadilika. Iliyotoka Saratov, iliyotoka Čadca na iliyotoka China zote huingia kwenye tundu moja la Bassman ya 1959 na kufanya kazi siku hiyo hiyo. Kiwanda kimoja kikifungwa, unanunua za kiwanda jirani. Chipu ya mashine ya dijitali ikikosekana haina jirani anayeingia kwenye tundu lile lile: imeunganishwa na programu iliyoandikwa kwa ajili yake peke yake, na mwenye programu ni mmoja.

6. Nani anafungua kifuniko

Geuza Deluxe Reverb ya zamani, toa skrubu za nyuma. Ndani ya sanduku kuna karatasi iliyobandikwa na kiwanda, inaonyesha valvu ipi inakaa wapi. Valvu zenyewe zinaning'inia vichwa chini. Ikishapoa, yoyote hung'olewa kwa mkono. Ukishusha chasisi unakuta ubao wenye vipingamizi na kapasita zilizopangwa safu kwa safu, kila kimoja kinaonekana kwa macho, kila kimoja kinaweza kutolewa kwa pasi ya kulehemu na kuwekwa kingine. Fundi huwasha, akagonga kila valvu kwa ncha ya penseli; inayolia kama kengele kwenye spika ndiyo mbovu. Ni kazi yenye hatari. Humo mna volti mia nne na zaidi, na kapasita hushikilia umeme hata waya ukiwa umechomolewa ukutani, hivyo asiyejua kuzimaliza nguvu kwanza asiguse. Lakini ni kazi inayofundishika, na mafundi waliotengeneza redio za valvu Afrika Mashariki miaka ya hamsini na sitini waliifahamu sakiti ya namna hii kabla bendi nyingi hazijapata gitaa la umeme.

Valvu haziuzwi Kariakoo wala Luthuli Avenue ya Nairobi kama betri. Lazima ziagizwe, na kuagiza ni ghali. Hilo ni kweli na halifichwi. Ila fundi wa pale anajua aagize nini, na ikifika anajua aichomeke wapi.

Mpelekee fundi huyo mashine ya dijitali iliyogoma kuwaka. Bodi ina tabaka nyingi zilizogandishwa pamoja, chipu zina miguu isiyoonekana bila lenzi, na mchoro wa sakiti ni siri ya kampuni. Hata akifaulu kubadilisha chipu, programu ya ndani hana, na hatapewa. Atakachosema ni kile anachosema kuhusu simu: nunua nyingine. Mtengenezaji naye atasema hivyo hivyo kwa Kiingereza kizuri, akiongeza kwamba modeli hiyo imefikia mwisho wa huduma.

Programu za kompyuta zinazouzwa kwa kazi hiyo hiyo zimekwenda mbele zaidi. Nyingi hufunguliwa kwa akaunti ya mtandaoni. Mfumo wa kompyuta ukibadilika na kampuni isitoe toleo jipya, sauti uliyorekodia albamu yako haifunguki. Mteja amenunua ruhusa, tena yenye masharti.

Wanamuziki wa dansi wa Tanzania wanaijua biashara hii tangu zamani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya jumuiya ya wafanyakazi. Jina likabadilika kufuata mwenyewe, JUWATA, kisha OTTU. Mpigaji alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Aliyehama bendi alihama na vidole vyake. Gitaa na amplifaya vilibaki stoo. Walioishi hivyo miaka ishirini hawahitaji kuelezwa tofauti kati ya kupiga chombo na kuwa na chombo. Sasa wajukuu wao wanauziwa mpango ule ule kwa jina la maendeleo, tofauti ni kwamba stoo iko California na ufunguo wake hubadilishwa bila taarifa.

Inabaki pingamizi moja la haki. Neural Amp Modeler ni ya bure, msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua, kuubadilisha na kuutunza bila kuomba ruhusa. Tuhuma za kufungiwa na kufunguliwa haziigusi, na mtoto wa Mbagala mwenye kompyuta ya mtumba anaweza leo kupiga kupitia Marshall ambayo hatawahi kuiona. Hilo si dogo. Lakini mafaili anayoyapakua yametoka kwa maelfu ya watu waliowasha amplifaya zao nyumbani, wakaweka maikrofoni, wakanasa, wakagawa bure, na nyingi mno kati ya amplifaya hizo ni za valvu. Maktaba hiyo inakua kadiri watu hao wanavyoendelea kununua, kutengeneza na kuharibu vitu vyenye kioo ndani. Kampuni zinazowaambia waache, na ambazo vifaa vyao vipya vitahitaji kitu kipya cha kunasa, bado hazijasema zitakipata wapi.